Adabu ya Chomboni: Maisha ya Mabaharia wa Kilwa na Lindi

Mgeni anayefika Kilwa huvushwa hadi Kisiwani akautazame Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, magofu yaliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Akisogelea kuta na kutazama vizuri, kwenye lipu ataona michoro ya vyombo iliyokwaruzwa na watu wa zamani: omo, mlingoti, tanga. Michoro ya aina hiyo ipo pia Songo Mnara. Walioichora waliujua mji wao. Dhahabu ya Sofala, vitambaa vya India na bakuli za China zilizoipa Kilwa sifa zilipita mikononi mwa watu waliolala juu ya shehena, wakanywa maji kwa kipimo na kukaa miezi bila kuiona familia. Magofu yamepata wa kuyatunza. Maisha ya mabaharia hao, ambayo bado yanaendelea katika majahazi machache ya pwani ya Kilwa na Lindi, hayajapata mtunzaji, ilhali ndiyo yaliyoujenga mji.

Chomboni kila jambo huanzia kwenye upepo. Kaskazi huvuma kati ya Desemba na Machi. Kusi hushika kuanzia Aprili, ikakaza Juni na Julai, kisha ikalegea kuelekea Septemba. Kati ya misimu hiyo kuna malelezi, wakati ambao upepo hauna msimamo na baharia mwenye busara hauamini. Jahazi linalotoka Lindi kwenda Unguja, Mombasa au Lamu huenda na kusi, na likitaka kurudi kwa salama husubiri kaskazi. Kutoka Kilwa hadi Lamu ni kilomita 700 na kitu tu, lakini safari iliweza kula nusu mwaka kwa sababu ya kungoja. Hali hiyohiyo ndiyo iliyoipa Kilwa bahati yake. Vyombo vya Ghuba vilivyoshuka na kaskazi viliweza kufika Kilwa na kurudi kwao na kusi inayofuata, lakini kusini zaidi ya hapo msimu mmoja haukutosha. Basi wafanyabiashara wakaishia Kilwa, na wenyeji wakaishika njia ya Sofala. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, aliletwa na kaskazi hiyohiyo.

Kwa hiyo mabaharia wa pwani yetu walitumia hesabu mbili za siku kwa pamoja. Mwezi uliwaonyesha bamvua na maji mafu, na uliwapa nyakati za funga na sikukuu. Upepo lakini haufuati mwezi, hufuata jua. Kwa upepo walikuwa na mwaka unaoanzia Nairuzi, wenye miongo 36 ya siku kumikumi, na siku tano za kujazia. Nahodha alijua katika mwongo gani bahari hufunguka na katika upi chombo kikae ufukweni. Elimu hiyo haikuandikwa popote chomboni. Ilikaa vichwani, na kijana aliipata kwa kusikiliza.

Kabla ya safari, maji yakipwa, jahazi huachwa likae mchangani na kuegemezwa kwa magogo. Mafundi, kama wale wa Kilwa Kivinje, hupiga kalafati: nyuzi za pamba zilizolowekwa mafuta husindiliwa kati ya mbao hadi upenyo wa maji uzibe. Sehemu ya chini hupakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao. Sehemu ya juu hupakwa sifa, mafuta ya ini la papa, ambayo harufu yake hukaa mwilini mwa baharia hata akiwa msikitini.

Baharia naye ana matengenezo yake. Hulipa madeni, au angalau humwendea anayemdai na kuweka ahadi mbele ya shahidi. Huacha masurufu ya nyumbani. Kubwa kuliko yote, humpigia mama yake magoti na kuomba radhi, kwa kuwa pwani yote inaamini kwamba aliyeondoka bila radhi ameondoka na mzigo ambao chombo hakiwezi kuubeba. Siku ya kung'oa nanga husomwa Yasini, ubani hufukizwa kuanzia omo hadi tezi, na sadaka ya wali hutolewa kwa watoto wa ufukweni. Zamani wengine waliweka pia vitu kwenye mizimu ya rasini, jambo ambalo masheikh walilikataza, na leo wengi wameliacha.

Jahazi la kiasi huwa na watu wanane au kumi. Nahodha ndiye mwenye amri, na katika vyombo vikubwa huwa na serehangi anayesimamia kamba, tanga na shehena. Yupo mshika usukani, wapo mabaharia wa kawaida, yupo mpishi, na karibu kila mara yupo kijana anayejifunza kazi. Mkubwa huamkiwa shikamoo chomboni kama anavyoamkiwa mtaani. Nahodha haitwi kwa jina lake. Huitwa Nahodha, hata na ndugu yake wa damu akiwa kazini. Wakati tanga limetwekwa, neno lake halijibiwi kwa hoja. Wahenga walisema nahodha wengi chombo huenda mrama, na baharini maana ya msemo huo huonekana kwa macho. Lakini kabla ya kuondoka nahodha mwema huwauliza wazee wa chombo wanaionaje hewa, na anayepuuza ushauri huo hukosa mabaharia msimu unaofuata.

Siku ya baharia huanza kabla ya mapambazuko. Umande, upepo mwanana utokao nchi kavu, huvuma wakati huo, na chombo kilicholala nangani huutumia kutoka nje ya miamba kabla jua halijapanda. Wakati serehangi anahimiza nanga, mmoja huimba na wengine wakamwitikia, na mkono wa kila mtu huvuta kwa pigo la wimbo. Swala ya alfajiri husaliwa kwa zamu, kwani usukani hauachwi. Katika pwani hii kibla haimsumbui mtu: Kilwa na Makka zimekaa karibu katika mstari mmoja wa longitudo, moja kwenye nyuzi 39 na nusu, nyingine karibu nyuzi 40. Aliyeelekea kibla ameelekea kaskazini, na aliyeijua kaskazini hajapotea njia.

Baada ya swala hufuata kazi isiyokwisha, kufua maji. Jahazi la mbao huvuja hata likiwa jipya, na maji hukusanyika ngamani, chini kabisa ya shehena. Kijana huteremka katika kipenyo chembamba kati ya magunia na taruma, akachota kwa upo na kumpa mwenziwe aliye juu, naye humwaga baharini. Humo ndani ni giza, maji yana weusi na harufu ya chumvi, magunia na samaki, na chombo kikiyumba hupiga ukutani na kurudi magotini. Hufuliwa asubuhi, adhuhuri, jioni, na usiku kwa zamu. Nahodha aliyelala shetrini akiamka usiku, kwanza huuliza habari za ngama, kisha ndipo huuliza upepo. Kijana aliyekuwa wa zamu hawezi kudanganya. Chombo chenyewe kitasema, kwa kuwa kikilemewa hakigeuki upesi.

Jiko ni sanduku la mbao lililojazwa mchanga, juu yake mafiga. Mpishi huliweka upande wa demani, unakoelekea upepo, ili moshi na cheche zisirudi kwenye tanga. Chakula ni ugali au wali, kwa mchuzi wa papa mkavu uliotiwa nazi. Nyuma ya shetri huachwa mshipi ukikokotwa, na siku nguru au jodari anaponasa, chombo kizima huchangamka. Watu hula katika sinia moja, kila mmoja upande wake, na nahodha hali peke yake. Kabla mkono wa kwanza haujagusa chakula, fungu la mshika usukani huwa limeshatengwa, na lazima liwe na kitoweo kizuri. Ni adabu ndogo, lakini humfanya anayewaongoza wenzake asihesabu kwamba amesahauliwa.

Maji ya kunywa hutunzwa kwa pipa, na kata ya kuchotea ni moja. Kuoga na kufua nguo ni kwa maji ya chumvi. Upepo ukikata na chombo kikaganda kwa siku kadhaa, nahodha hushika pipa mwenyewe na kugawa kata moja moja, akianza kwa mdogo na kumalizia kwake.

Kazi inayoonyesha umoja wa chombo ni kugeuza tanga. Foromali, mti mrefu unaobeba tanga la pembetatu, hukaribia urefu wa jahazi lenyewe, na haiwezi kuhamishwa upande kwa nguvu ya mtu mmoja. Nahodha akitoa amri, mshika usukani huuachia upepo uje nyuma. Kamba ya tanga hulegezwa, tanga likaanza kupiga makofi, na kwa muda huo hakuna anayelimiliki. Wawili hukimbilia mguu wa foromali na kuuvuta hadi mti usimame wima karibu na mlingoti, kisha wakausukuma upite mbele yake. Wengine huizungusha kamba ya tanga kwa nje ya omo na kuikimbiza upande wa pili. Akichelewa mmoja, foromali hulala vibaya, chombo hupoteza mwendo au mtu hupigwa akatumbukia. Ndiyo maana wanaogombana chomboni huambiwa waache hadi nanga itakapotua, wapatanishwe ufukweni mbele ya mzee.

Nanga nyingi hutua jioni, maana miamba ya Songosongo na mlango wa Mafia haipitwi kwa mazoea usiku. Majahazi hupumzika Kiswere, Mchinga au pembeni mwa kisiwa. Baada ya isha ndio wakati wa kahawa, bao na hadithi, na ndio wakati wa darasa. Kijana huonyeshwa nyota, huambiwa majina ya rasi na rangi ya maji yenye mwamba chini. Siku hizi yuko mwenye simu yenye ramani, na dira ni ya siku nyingi, lakini simu haimwambii mtu namna mawimbi yanavyobadilika kabla ya upepo kugeuka.

Mwisho wa safari huja hesabu. Watu wote huketi. Kwanza hutolewa gharama za chakula na matengenezo, kisha kinachobaki, kwa mapatano ya kawaida, hugawanywa nusu kwa mwenye chombo na nusu kwa mabaharia, nahodha akiwa na fungu la ziada. Hesabu hufanywa kwa sauti, mbele ya kijana mdogo kabisa. Baharia hana mshahara. Ana fungu, na safari ikipata hasara wote wameipata.

Adabu hii haikumfikia kila aliyepanda chombo, na ni lazima isemwe. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, na karne iliyofuata Kilwa Kivinje ikawa bandari kuu ya kupitishia watu waliotekwa bara. Tanga lilelile lililobeba boriti na nazi liliwabeba watu hao. Anayeisifu bahari yetu aibebe na habari hiyo.

Majahazi yamepungua. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa kwenye Mto Rufiji mwaka 2003, mvua zilipokata barabara ya kusini bahari ndiyo iliyokuwa njia. Leo saruji na unga huja kwa malori. Vijana wengi huona ni afadhali bodaboda. Hata hivyo elimu ya zamani haijachakaa. Kimbunga kilichoipiga Lindi tarehe 15 Aprili 1952, na Kimbunga Hidaya kilichofika Mafia na Kilwa mwanzoni mwa Mei 2024, vyote vilikuja wakati wa kugeuka kwa pepo, ule ambao wazee waliuogopa. Mwaka 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa tahadhari mapema, na aliyelelewa kuyaogopa malelezi hakuhitaji kubembelezwa abaki ufukweni.

Kwa hiyo nawaomba watu wa Kilwa, Mchinga, Lindi na Sudi wenye mzee aliyewahi kushika usukani: kaeni naye mwaka huu, si mwaka ujao. Mwulizeni majina ya kamba, ya pepo na ya miamba, mwulizeni hesabu iligawanywaje na ugomvi ulipatanishwaje, mkaandike au mkarekodi kwa simu. Walimu wa shule za pwani wawaite wazee hao darasani, na wanaoongoza wageni Kisiwani wawaonyeshe ile michoro ya vyombo ukutani kabla ya kuwaonyesha kuba za msikiti. Kilwa ilijengwa na mabaharia, na wa mwisho wanaoijua kazi hiyo kwa mikono yao bado wako hai.