Risiti Zisizotaja Pombe

Shangazi alikuwa na mfuko wa rambo uliojaa risiti za matibabu ya mumewe. Tulipozimwaga mezani tukakuta dripu, eksirei ya mkono, plasta ya kufungia mfupa, dawa za vidonda vya tumbo, vipimo vya ini, kitanda siku nne, kisha dripu tena. Pombe haikutajwa popote. Kila daktari alitibu kilichomleta mgonjwa siku ile, akamruhusu, naye akarudi nyumbani kwa kupitia kilabuni.

Ndivyo ulevi unavyokula fedha za hospitali: kwa majina ya maradhi mengine. Huvimbisha kongosho, hupandisha shinikizo la damu, huacha makovu kwenye ini, humwangusha mtu na pikipiki.

Nchini Marekani, Harold Holder na James Blose walizisoma bili za namna hiyo kwa pamoja. Walifuatilia kwa miaka 14 gharama za bima ya wafanyakazi wa kampuni moja ya viwanda na familia zao, wakachapisha matokeo mwaka 1992. Baada ya tiba ya uraibu, gharama za wagonjwa zilishuka kwa asilimia 23 hadi 55 kutoka kilele chake. Takwimu hiyo naichukua kwa tahadhari, kwa sababu mtu hukimbilia tiba akiwa amezidiwa, na aliyezidiwa mara nyingi hupata nafuu kidogo hata asipotibiwa. Ninayoiamini zaidi ni ile ya kulinganisha: waliotibiwa waligharimu asilimia 24 pungufu kuliko waraibu wenzao ambao hawakutibiwa.

Kule Seattle, katika hospitali ya Harborview, daktari wa upasuaji Larry Gentilello na wenzake walianzia kitandani kwa majeruhi. Waliobainika kuwa na tatizo la pombe waligawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja likapewa mazungumzo ya takriban nusu saa kuhusu unywaji wao. Matokeo ya mwaka 1999 yalionyesha kuwa kundi hilo lilirudi na majeraha mapya pungufu kwa asilimia 47. Hesabu ya baadaye ilikadiria kuwa kila dola 1 iliyotumika iliokoa dola 3.81 za matibabu.

Mazungumzo hayamtoshi kila mtu. Aliyekunywa kila siku kwa miaka asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani: anaweza kutetemeka, kuweweseka, kupata degedege, hata kufa. Anahitaji uangalizi wa daktari, dawa za kutuliza mfumo wa fahamu na vitamini B1. Baadaye zipo dawa za kumsaidia asirudie, naltreksoni na akamprosati, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2023.

Mume wa shangazi alilazwa mara nne kabla ya kuulizwa. Aliyemuuliza alikuwa tabibu kijana wa zamu ya usiku: "Mzee, kwa siku unakunywa kiasi gani?" Mzee akageukia ukutani. Shangazi ndiye aliyejibu.