Mkono usio na mapigo

Mwanafunzi wangu mmoja, aliyerejea nchini na wazazi wake kutoka kambini, alikuwa akiandika nusu ukurasa kisha anaweka kalamu chini, mkono umechoka. Zahanati ilimpima presha mkono wa kushoto na kumwambia iko chini, ale vizuri. Majirani wakasema karogwa. Mwaka ulipita ndipo daktari mmoja akampima mikono yote miwili: presha ya mkono wa kulia ilikuwa juu mno, na wa kushoto hakusikia hata mapigo.

Ugonjwa huo huitwa Takayasu, kwa jina la daktari wa macho wa Japani, Mikito Takayasu, aliyeueleza mwaka 1908. Huwapata zaidi wanawake walio chini ya miaka 40. Kinga ya mwili huishambulia aota, yaani mshipa mkuu utokao moyoni, pamoja na matawi yake. Ukuta wa mshipa huvimba na njia ya damu hubana. Mkono ulioziba husoma presha ya chini, kumbe moyo na figo vinaumia kwa presha ya juu.

Zamani madaktari walipitisha mrija ndani ya mshipa, wakamwaga dawa na kupiga eksirei. Picha ile ilionyesha njia ya damu tu; ukuta haukuonekana, hivyo ugonjwa ulijulikana njia ikiwa imekwisha kubana. Leo ultrasaundi ya shingo huonyesha ukuta ulionenepa, ingawa kifuani haioni vizuri. CT-Skani huiona aota nzima, lakini kwa mionzi. MRI haina mionzi, na kwa kuwa wagonjwa ni vijana watakaopigwa picha mara nyingi, mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2018 uliiweka mbele.

Najua, MRI kwa wengi wetu ni mbali na ni ghali. Lakini kupima mikono yote miwili hakuhitaji hata umeme, na tofauti inayozidi 10 yatosha kumfanya daktari aulize zaidi. Picha ipigwe mapema, maana prednisoloni hupunguza uvimbe na kuficha dalili.

Jambo moja kwa sisi tunaovuka mipaka. Daktari hulinganisha picha ya leo na ya mwaka jana. Ikibaki hospitali ya ng'ambo, anaanza upya. Mama wa binti yule huzifunga filamu zote ndani ya kitenge, na hazitoki nyumbani bila yeye.