Ngoma Kuukuu Haina Bei Mpaka Ijulikane Ilikotoka

Mnunuzi akifika kijijini kutafuta ngoma za zamani, mazungumzo huanzia kwenye ukubwa wa mzinga, aina ya mti na umri. Mwenye ngoma husema ni ya babu, labda ya tangu enzi za Mjerumani, kisha bei inatajwa na biashara inaisha. Umri una uzito wake, lakini kinachobeba bei hasa ni yale yanayojulikana kuhusu ngoma yenyewe: nani aliichonga, ilipigwa kwenye shughuli gani, ilipita mikononi mwa nani. Anayeuza bila kuyatafuta hayo amepokea fedha za mti na ngozi tu. Historia anaondoka nayo mnunuzi, na huko mbele ataiuza kwa bei nyingine kabisa.

Ukitaka ushahidi, tazama hata ngoma za kiwandani. Mwaka 2015 seti ya ngoma ya kiwanda cha Ludwig aliyoipiga Ringo Starr wa Beatles iliuzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola milioni 2. Kiwanda hicho kilitengeneza seti nyingi za namna ile, na zile ambazo wapigaji wake hawajulikani huuzwa kwa sehemu ndogo sana ya fedha hizo. Mbao ni zile zile. Kilicholipiwa ni mikono iliyozipiga, pamoja na ushahidi kwamba ni zenyewe. Ngoma ya Kisukuma au ya Kizaramo haina namba ya kiwanda. Cheti chake ni kumbukumbu za watu, na watu hao wanazeeka.

Hata hivyo ngoma yenyewe nayo husema mengi, ukiiangalia kwa utulivu na tochi mkononi. Iliyopigwa miaka mingi huwa imelainika mahali maalumu: ukingoni kiganja kinapotua, ubavuni inapobanwa na mapaja, kitakoni inapokaa chini. Iliyozeeshwa kwa moshi na matope ili wauziwe watalii mara nyingi huwa na weusi ulioenea sawasawa, hata pale ambapo mkono wa mpigaji haufiki. Ngozi mpya isikudanganye, kwa maana ngozi hupasuka na ngoma huwambwa tena. Tafuta chini ya ukingo matundu ya zamani ya vigingi, yaliyozibwa au kuachwa wazi, kwani hayo huonyesha kwamba mzinga umeishi kuliko ngozi yake. Chungulia na ndani uone alama za tezo. Tafadhali usiioshe, usiipake vanishi wala usibadilishe kigingi kilicholegea ili ipendeze, maana utakuwa unafuta ushahidi huo huo unaoutafuta. Maabara nayo haimalizi kazi: huweza kutambua aina ya mti na kukadiria umri wake, lakini siku mti ulipogeuka ngoma haiijui.

Kwa hiyo lazima wazee waulizwe, na hapa ndipo jibu linaweza kubadilisha kila kitu. Je, ilikuwa ya harusi na mavuno, ya unyago, ya uganga, au ya utemi? Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu mwaka 1963, na ngoma ya kitemi iliyobaki nyumbani kwa mtu si lazima iwe mali yake. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, karibu na Mwanza, yamehifadhi ngoma za watemi, na kwa anayetaka kulinganisha pale ni mahali pazuri pa kuanzia. Wapokomo wa Mto Tana wanaijua vizuri gharama ya ngoma kuondoka: Ngadji, ngoma yao takatifu, ilichukuliwa na Waingereza mwaka 1902, ikafika Makumbusho ya Uingereza jijini London mwaka 1908, ikawekwa ghalani. Hakuna bei ya soko inayoweza kupima pengo hilo.

Wapo watakaosema kwamba shida haingoji utafiti: mtoto anadaiwa ada, mnunuzi yuko mlangoni na fedha taslimu. Hoja hiyo ni nzito, na si haki kumlaumu mwenye njaa. Lakini ni shida hiyo hiyo inayofanya bei ya kwanza iwe ndogo. Wengine husema kwamba ngoma italiwa na mchwa nyumbani, heri ikae ng'ambo salama. Lakini vigango vya Wamijikenda, yaani nguzo za mbao za kuwakumbuka marehemu, viliibwa na kusafirishwa hadi Marekani, ambako majumba ya makumbusho yaliyovipokea yalilazimika baadaye kuhangaika kuvirudisha Kenya. Usalama wa namna hiyo familia za marehemu hazikuuomba. Isitoshe, Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 na ile ya Kenya ya mwaka 2006 zinadai kibali kabla kitu cha urithi hakijavuka mpaka, na kifaa kisicho na kibali mnunuzi makini wa nje hukiogopa.

Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. Piga picha pande zote na ndani, pima kimo na upana, waulize wazee wawili au watatu kila mmoja peke yake, andika majina yao na tarehe, halafu peleka picha makumbusho bila kuibeba ngoma. Ikionekana ni ya familia na haina mwiko, maandishi hayo yaingie kwenye bei. Ikionekana ni ya ukoo mzima au ya mila, kikao cha ukoo kinaweza kukubaliana na makumbusho iazimwe kwa mkataba, nayo ibaki na wenyewe.