Je, Wajua? Chang'ombe, Ritifaa na Orodha za Mstari Mmoja

Je, wajua kwamba jina la mtaa wa Chang'ombe linaweza kuigomesha programu hata kabla haijaanza kazi? Mchawi ni ile ritifaa, alama ya (') inayofuata "ng". Katika lugha ya kompyuta ya Python maneno hufungwa kwa alama za mtajo, moja moja au mbili mbili. Ukiandika 'Chang'ombe', kompyuta inadhani neno limeishia kwenye "Chang", kisha inakuta "ombe" imezubaa peke yake na inasusa kazi nzima. Dawa ni kufunga kwa alama mbili mbili: "Chang'ombe". Wa Keko na Tandika hawana habari na shida hii.

Ritifaa zenyewe ziko mbili: iliyonyooka, ya kwenye kibodi, na iliyopinda, ambayo programu za kuandikia barua huipachika bila kuulizwa. Kwa macho yetu ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni alama namba 39 na namba 8217, kwa hiyo Chang'ombe inahesabiwa mara mbili. Mstari mmoja unamaliza ugomvi:

mitaa = [m.replace("’", "'") for m in mitaa]

Mabano hayo yenye kitanzi ndani yaliingia Python toleo la 2.0, Oktoba 2000, kwa kuazimwa kutoka lugha ya Haskell. Asili yake ni hesabu za seti, zile zile za sekondari.

Je, wajua kwamba kufuta marudio kwa set() kunaweza kupoteza mtaa? Chang'ombe ipo Temeke, na nyingine ipo Dodoma. Ukiorodhesha majina matupu, moja linamezwa kimyakimya. Andika jina pamoja na mkoa wake.

Namba za simu nazo zina vituko. Zikisomwa kama hesabu, sifuri ya mbele inadondoka. Ziache ziwe maandishi, kisha uziandae kwa ujumbe wa pamoja: ["255" + n[1:] for n in namba]. Hiyo n[1:] maana yake "ruka herufi ya kwanza", kwa sababu Python huanza kuhesabu nafasi kwenye sifuri. Ya mwisho huitwa -1. Mimi huiona hiyo -1 kuwa ndiyo adabu kubwa kuliko zote za lugha hii: haimlazimishi mtu kujua foleni ina urefu gani ili amwite aliye mkiani.

Je, wajua kwamba saa ya Kiswahili inaingia kwenye mstari mmoja?

[(s - 6) % 12 or 12 for s in saa]

Upe 7, unarudisha 1. Upe 5 ya alfajiri, unarudisha 11. Upe 18, unarudisha 12, jua linazama. Lugha ya JavaScript kwa hesabu hiyo hiyo ingekupa saa hasi moja alfajiri, maana baki lake hufuata alama ya namba inayogawanywa. JavaScript hiyo hiyo, ukiiachia nauli za 400, 600 na 1000 izipange bila maelekezo, itatanguliza 1000, kwa kuwa inazisoma kama maneno na "1" hutangulia "4".

Na tukiwa kwenye orodha, LISP, lugha iliyobuniwa na John McCarthy mwaka 1958, jina lake limetokana na kazi yenyewe: uchakataji wa orodha.

Tukirudi kwenye Python, ukiandika majina = majina.sort(), umeyapoteza yote. Amri hiyo hupanga orodha palepale ilipo na hairudishi chochote, na hicho "chochote" ndicho ulichokihifadhi. Tumia sorted(majina).

Sasa kwa makatibu wa kamati za harusi. Ahadi na taslimu zikiwa kamusi za Python, kila jina na kiasi chake, kuwapata waliobakiza michango ni mstari mmoja: [j for j in ahadi if taslimu[j] < ahadi[j]]. Asiyetoa hata shilingi lazima awekewe 0, la sivyo programu inasimama kwa jina lake.

Ila kama majina umeyaweka kwenye orodha ya kawaida, usiwafute waliomaliza huku kitanzi kikiwa bado kinatembea juu ya orodha hiyo hiyo. Ukimwondoa mmoja, wa nyuma anasogea kushika nafasi yake, na kitanzi kinamruka. Waliomaliza wakifuatana wawili, wa pili anabaki kwenye orodha ya wadaiwa. Atapigiwa simu ya kukumbushwa, na ujumbe wa muamala anao mkononi.