Homa ya Mafua Ikishuka Kifuani

Mkulima, usiidharau homa ya mafua. Wengi hupona kwa juma moja au mawili, lakini wengine huwashukia kifuani ikawa kichomi. Mwaka 1918 iliua mamilioni ya watu duniani, wakiwemo vijana wengi wenye nguvu wa miaka 20 hadi 40.

Sababu yake ni hii. Vijidudu vya mafua vikiingia mapafuni, mwili hupeleka askari wake waliomo katika damu kupigana navyo. Lakini vita hivyo vikizidi, huwa kama moto wa kuchoma magugu uliovuka mpaka ukala mahindi. Mapafu huvimba, vifuko vya hewa hujaa maji, na damu hukosa hewa safi. Ndipo figo, ini na moyo navyo hushindwa kazi.

Basi, mgonjwa akihema upesi, midomo ikiwa ya buluu, akipayukapayuka, mkojo ukipungua sana, au akipata nafuu kisha homa ikarudi kwa nguvu, usingoje kesho wala usitegemee vidonge vya dukani. Mpeleke hospitali mara moja. Wazee, waja wazito na watoto wadogo wasicheleweshwe hata kidogo.