Biashara ya Familia: Jinsi ya Kubaki na Wafanyakazi Wazuri

Ukitembea Keroka, Nyamira mjini au soko la Daraja Mbili pale Kisii, maduka mengi unayoona ni ya familia. Mzee ndiye mwenye leseni, mama anashika hesabu, kijana wao anaendesha pikapu ya mizigo. Kwenye kaunta yuko mtu wa kuajiriwa, na mara nyingi si wa ukoo. Wateja wanamjua kwa jina. Anajua nani hulipa deni kwa wakati na saruji ikibaki mifuko mingapi iagizwe mingine. Siku akienda, anaenda na hayo yote.

Wenye biashara wengi husema, "Alifuata pesa." Mshahara ni muhimu, hatubishani. Lakini duka la jirani mara nyingi linalipa karibu sawa na lako. Kinachomfukuza mtu ni pale ambapo sheria za pesa zinamfunga yeye peke yake, na familia haziwahusu.

Ile "nimetoa kidogo tu"

Chukua mfano. Saa nane mchana kijana wako anapita dukani, anatoa Sh2,000 za mafuta kwenye droo, haandiki. Jioni hesabu inapungua Sh2,000. Wa kaunta anaulizwa. Akisema ni mtoto wa bosi, ataonekana anagombanisha familia. Akinyamaza, anaonekana mwizi. Ikitokea mara tatu, ataanza kuulizia kazi kwingine.

Dawa ni rahisi: hakuna mtu wa familia anayetoa pesa kwenye droo. Anayehitaji anatumiwa kwa simu kutoka kwa laini ya biashara, hivyo kiasi, saa na jina vinabaki kwenye rekodi. Ikibidi achukue taslimu, aandike kwenye daftari na kutia sahihi, hata kama ni mzee mwenyewe. Wazee wetu walijua jambo hili kwenye egesangio, ile ya kulimiana mashamba kwa zamu: ilidumu kwa sababu kila mtu alishika jembe, hata mwenye shamba kubwa.

Pesa ikipungua, nani analipa?

Usikate mshahara kwa hasira. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu makato kwa sababu maalum tu. Kwa upungufu wa pesa, lazima uwe umetokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi mwenyewe, na mkataba wake uwe unasema wazi kwamba amekabidhiwa pesa. Hata hapo, makato yote kwa jumla hayafai kuzidi thuluthi mbili ya mshahara.

Mlinde kabla hasara haijatokea:

- Wateja walipe kwa nambari ya Till ya duka, wasilipe kwa simu ya mfanyakazi.
- Ujumbe wa malipo uingie kwenye simu inayokaa kaunta. SMS anayoonyesha mteja kwa simu yake inaweza kuwa feki. Kama ujumbe wa malipo uko kwa simu ya bosi aliye Nairobi, wa kaunta atajuaje?
- Kila jioni andikeni mistari mitatu: taslimu, simu, deni. Mhesabu mkiwa wawili.

Siku ya mshahara ijulikane

"Ngoja kidogo, mali haijatoka" ni maneno yanayomaliza imani. Chagua tarehe moja, tuseme 30, na uishike. Shule zikifunguliwa Januari, mwenye mtoto hawezi kumwambia mwalimu mkuu kwamba bosi hajapanga. Tuma mshahara kwa nambari ya mfanyakazi mwenyewe, iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake. Mpe na karatasi inayoonyesha mshahara kamili, kilichokatwa na kilichobaki.

Kwenye hiyo karatasi makato yaeleweke. SHIF ni 2.75% ya mshahara wake. Ada ya nyumba ni 1.5% kutoka kwake na 1.5% kutoka kwako. NSSF ni 6% kwake na 6% kwako, hadi kiwango kilichowekwa. Ukikata na usipeleke, ataligundua siku mtoto akiugua, akiwa amesimama kwenye dirisha la hospitali. Baada ya hapo usitarajie akuamini.

Kwa wenye majani chai

Nyansiongo, Kebirigo au Nyamache, mchumaji mzuri anaweza kuhamia shamba la jirani kesho asubuhi. Pima majani mbele yake, andika kilo kila siku, na umwachie nakala. Kwa mfano, mkikubaliana Sh10 kwa kilo na amechuma kilo 420, anajua mwenyewe ni Sh4,200 kabla simu haijalia. Na umlipe yeye. Mama akichuma, pesa iingie kwa laini yake, si ya mume wala ya msimamizi. Wengi huchagua shamba kwa sababu hiyo moja.

Siku ya kupumzika

Sheria inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko kwa kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, yenye malipo. Huku kwetu Waadventista ni wengi, na Jumamosi ni ya ibada. Familia nyingine hufunga Jumamosi na kufungua Jumapili, wakisahau kwamba kijana wa kaunta ni Mkatoliki. Muulize siku unapomwajiri, mkubaliane, muandike. Pia mkubaliane kuhusu kazi za nyumbani. Aliyeajiriwa kuuza misumari asitumwe kukamua ng'ombe kwa sababu tu "sisi hapa ni familia". Kama ni familia, basi ajue pia kwamba akifiwa ataruhusiwa kwenda kuzika bila kukatwa.

Anza wiki hii

1. Iteni kikao cha familia, hata cha nusu saa. Mkubaliane kwamba droo haiguswi bila kuandika.
2. Tenganisha laini ya biashara na simu yako ya kibinafsi. PIN usimpe mtu, hata mtoto wako.
3. Mwambie mfanyakazi tarehe ya mshahara, kisha ulipe tarehe hiyo miezi mitatu mfululizo.

Hayo matatu hayaongezi gharama hata shilingi, na mfanyakazi atayaona kabla mwezi haujaisha.