Vijana wa Vyuo vya Marekani na Ratiba Yao Mpya

Huko Marekani vijana wa vyuo vikuu hucheza mpira wa namna yao: huudaka mikononi na kukimbia nao. Chama cha vyuo vya kusini, SEC, kina timu 16. Kwa miaka mingi kila timu ilicheza na wenzake mara 8; ratiba iliyopangwa kuanza 2026 ni mara 9. Wapinzani 3 ni wa kila mwaka, kama Alabama na Auburn walio majirani. Wengine 6 ni kwa zamu. Basi kwa miaka 2 kila timu hukutana na zote 15. Texas na Oklahoma hupigania Dallas, ugenini kwa wote wawili. Mchezo umeongezeka, masomo je, yasipungue?